Ufunguo wa Nyumba ya Sekiete

Hapo zamani, na msinikatize, milimani Upare palikuwa na nyumba ya shamba ya mzee Sekiete. Alipofariki, mjane wake Namkunda akaitoa kwa kijiji: wacheze ngoma humo, waoane humo, watoto wafundishwe humo nyimbo za wazee. Kikabaki chumba kimoja cha nyuma, cha kulala mlinzi mwenye ufunguo, na mlinzi akawa yeye. Sasa miguu imemkataa, ulinzi ameuaga, leo anahamia kwa dada yake. Ufunguo amwachie nani? Tangu alfajiri bibi wa watu hatulii barazani. Anakaa, anainuka, anauhamisha ufunguo mkono huu, mkono ule.

Akaja Kiangi, kitinda mimba. "Mama, kwa mila zetu nyumba ya wazazi ni ya mwana wa mwisho. Hii ilikuwa yangu. Ulipowapa watu, nilisema sawa. Leo nalala ukweni, na wakwe wameanza kuninunia. Nipe mimi."

Namkunda akanyoosha mkono. Akaurudisha.

Akaja Mbonea, kifungua mimba. "Mama, bwawa la kule juu lilipofurika, maji yalikuwa yanakuja hapa. Nikavunja ukingo, nikayaelekeza kwangu. Yakaenda na maharage, yakaenda na nyumba yangu. Wajukuu zako wanalala ghalani. Nipe mimi."

Namkunda akanyoosha mkono. Akaurudisha. Roho ilimuuma.

Akaja Nanzia, mjane wa mwanawe wa kati, akipapasa ukuta. "Mama, paa la nyasi lisipopata moshi huliwa na wadudu. Kila asubuhi nimekoka moto humu. Paa limepona, macho yangu yamekwisha. Njia za humu nazijua kwa vidole, kwingine nitaanguka. Nipe mimi."

"Kaeni wote basi!" Namkunda akalia.

"Chumba kimoja, Mama?" akauliza Mbonea. "Mashemeji wawili na mjane wa ndugu yao? Watu watasemaje?"

Mara vigelegele vikasikika kilimani. Bibi harusi anakuja, na mlango sharti aufungue mlinzi mpya, si mwingine. Namkunda akainuka, akakaa, akainuka tena. Waliokuja na bibi harusi wakafika barazani, wakasubiri mlango.

Haya, nyie mliokaa mkinitolea macho! Mikono mitatu imenyooshwa, na yote ni ya wanawe. Je, ungekuwa wewe Namkunda, ufunguo ungeuweka mkononi mwa nani?