Jina Moja katika Wimbo wa Nyamizi

Sogezeni vigoda. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, maana nikimaliza nitakuuliza swali.

Nchi ya Mfalme Kabambe ilipakana na nchi tatu, na kila moja ilikuwa na mjumbe wake. Siwema wa mashariki alikuwa na subira. Aliweza kukaa na mtu asiyempenda mpaka chai ya tatu. Kadinda wa kaskazini alikuwa na msimamo. Akisema hapana, imetoka. Lusekelo wa kusini alikuwa na mdomo, na watu wa kwao ni watani wa watu wa Kabambe tangu enzi za mababu. Mtani hakasirikiwi, hata akikuvua kofia mbele za watu.

Basi Kabambe akawakamata vijana waliokwenda barazani kudai wachague viongozi wao. Nyamizi, manju aliyeongoza ngoma zote za nchi ile, akaimba uwanjani: "Wana wetu wako wapi?" Kesho yake naye hakuonekana. Kila aliyeuliza, mfalme alimjibu, "Mimi sina mfungwa."

Siwema alikwenda kwa mfalme, akaketi, akala wali wake, akavichekea vichekesho vyake visivyochekesha. Kwao walimsema: anakula na mtesaji! Lakini siku moja Kabambe, akiwa ameshiba na kujisahau, alimruhusu akamsalimie "yule mwanamke wa kelele." Ndipo Nyamizi, ndani ya ghala la zamani kando ya makaburi walimofungwa yeye na wale vijana, aliposhikwa mkono na mgeni. "Dada, sasa tunajua ulipo." Nyamizi alilia kwa furaha.

Kadinda hakuketi na mtu. Alifunga njia ya chumvi iliyopita nchini kwao. "Mpaka watoke," akasema. Mchuzi wa mfalme ukakosa ladha, lakini hata mama yake Nyamizi alikula mlenda usio na chumvi, akimlaani Kadinda kila jioni. Nyamizi naye alimeza maharage chapwa, asijue acheke au anune.

Kisha mjomba wa mfalme akafariki. Wageni wakaja kwa wingi, wakaonja chakula cha msiba, wakatazamana. Wengine wakaanza kufunga mizigo hata kabla ya maziko, na mfalme akaiona aibu inakuja.

Lusekelo alikuwa ameambiwa na Siwema habari za ghala. Jeneza lilipofika kaburini, lilimkuta amelala humo, mikono kifuani.

"Toka, mtani, tuzike," mfalme akasema.

"Sitoki! Hapa pana nafasi. Lililojaa ni lile ghala pale. Lifungue, nami nitoke."

"Chukua mbuzi."

"Mbuzi wako anajua kuimba?"

Watu wakaangua kicheko, msibani! Nyamizi alikisikia kupitia ukutani, moyo ukamruka. Mfalme akawatazama wageni, akalitazama jua linavyozama, akamtazama mtani. Kumkasirikia hawezi, kumfukia hawezi. Akautupa ufunguo kaburini.

Nyamizi akatoka na vijana wote. Mama yake akapiga kigelegele, akakumbuka yuko msibani, akaziba mdomo, kisha akapiga kingine.

Sasa, desturi ya manju ni hii: akitoka kwenye shida huimba wimbo mmoja wa shukrani, na wimbo huo hubeba jina moja tu. Matanga yalipoanuliwa, uwanja ukafurika. Wajumbe watatu wakakaa mbele.

"Bila mimi asingejulikana alipo," akasema Siwema.

"Ulikula wali wa aliyetufunga!" kijana mmoja akamkatisha.

"Bila mimi mfalme asingebanwa," akasema Kadinda.

"Na mlenda wangu je?" mama akafoka.

"Bila mimi bado mngekuwa mnakunywa chai," Lusekelo akacheka.

"Wewe mtani hukufungwa wala usingefungwa," Kadinda akamjibu. "Ulichohatarisha ni shati lako tu!"

Nyamizi aliwatazama wote watatu, na wote aliwapenda. Akainua kigongo, akapiga ngoma. Waitikiaji wamefungua vinywa, wanasubiri jina.

Je, kigongo kingekuwa mkononi mwako, ungemtaja nani? Haya, wewe wa karanga, anza.