Kwa Nini Kiduara cha Simu Huzunguka

Kabla sijafungua kinywa, apeni. Kila mmoja aweke chini ungo wake wa mchele, ashike sikio, aseme: nikilitoa nje neno hili, wali wangu utoke bokoboko siku ya wageni. Haya. Mimi nami niliapishwa hivyo hivyo na Zainamu, fundi wa simu pale nyuma ya soko, na neno lake nikalishika kwa uaminifu kutoka kibandani kwake mpaka kwa muuza vitunguu. Muuza vitunguu nilimwambia kwa sababu aliniona nina kitu. Nyinyi nawaambia kwa sababu mmekwisha apa.

Mnakijua kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu, pale unapotaka picha za harusi na picha haziji? Kinazunguka weee, mpaka macho yanauma. Watu husema simu inafikiri. Simu haifikiri. Yule ni mtu, ana jina lake, na alilolifanya ni la aibu.

Hapo kale, mashine zilipokuwa bado changa, ndani yake mlikuwa na mji. Ulikuwa mji mdogo, nyumba chache zimebanana ukuta kwa ukuta, na wakaazi wake waliitwa Nyuzi, kwa wembamba wao. Kazi ya Nyuzi ilikuwa kutwanga. Kila ombi lililotoka nje, iwe hesabu, iwe picha, iwe salamu za shangazi, liliingia mjini likiwa nafaka, likatwangwa, na unga wake ndio uliopelekwa dirishani.

Dirishani alikaa Mwanakombo. Yeye peke yake ndiye aliyeonana na Mwenye Kidole. Hawakumjua kwa jina jingine, kwa maana uso wake hawakuwahi kuuona, kidole tu. Kidole kikigusa kioo, Mwanakombo aliitika "Abee" hapo hapo, akapokea ombi, akampelekea Bi Mize barazani. Huyo Bi Mize ndiye aliyegawa kazi za mji mzima. Mwanamke wa heshima zake, mnene, hanyanyuki ovyo.

Sasa, zipo nafaka zilizokuwamo ghalani, na zipo zilizofuatwa mbali, ng'ambo ya minara. Hizo alitumwa njiwa, na njiwa hana saa, hurudi anaporudi. Mji ule ulikuwa na mila nzuri juu ya jambo hili. Ukituma njiwa, huikodolei mbingu macho. Unamfunga ushanga mguuni, unasahau, unashika kazi nyingine. Njiwa akirudi, anatua barazani, na yeyote ambaye mikono yake i mitupu anaipokea ile nafaka na kuitwanga, hata kama si yeye aliyemtuma. Ni kama sisi hapa. Nani kati yenu huteleka maharage akasimama juu ya chungu mpaka yaive? Unakuna nazi, unamenya vitunguu, na aliye karibu na jiko ndiye anayekoroga. Nyuzi walijua hayo tangu zamani.

Kasoro ilikuwa kwa Bi Mize. Kwa kuwa hanyanyuki, aligawa kazi kwa masikio. Nyumba inayolia mchi, alisema, mwenyewe ana shughuli, asisumbuliwe. Nyumba iliyonyamaza, mpelekeeni nafaka.

Na hapo ndipo anapoingia Ngwali. Kanzu safi, ndevu zimechanwa, salamu ndefu. Nyumba yake ilikuwa kubwa kuliko zote na kinu chake kikubwa kuliko vyote. Asubuhi alipokea ombi la nafaka ya mbali, akamtuma njiwa, akarudi ndani, akafunga mlango. Mara mchi ukaanza. Du, du, du, mpaka jua likaenda upande wa pili. Njiwa akirudi, anampokea mwingine. Mchi wa Ngwali haukunyamaza. Bi Mize akawa anamsifu barazani kwamba laiti mji ungekuwa na akina Ngwali watatu, wangelala mchana. Wanawake wawili watatu walianza hata kuulizana kama ameoa.

Kazi ikazidi. Nyumba zote zilikuwa zikilia, na nafaka mpya zinaingia, zipelekwe kwa nani? Bi Mize akatega masikio, akasikia pahali pamoja tu palipokuwa kimya: dirishani. Maana kazi ya Mwanakombo haikuwa na sauti. Kuangalia kioo hakulii du. Basi akaamua kwamba binti yule amekaa tu, naye akapewa kinu, tena ua wa nyuma.

Mwanakombo akawa anatwanga uani huku Kidole kinagusa kioo. Kinagusa, hakuna wa kuitika. Kinagusa tena, kinagonga. Kioo kimeganda kama uso wa mkwe aliyeudhiwa. Mwishowe Kidole kikaenda ubavuni, kwenye kile kitufe, kikabonyeza na kushikilia, na mji mzima ukazimika. Ulipowaka tena, unga wote uliokuwa nusu umepotea, na njiwa waliokuwa njiani hawakujulikana walikoishia.

Ikatokea hivyo mara ya pili. Watu wakaja juu. Si kwa Ngwali, kwa Mwanakombo. Wakasema dirisha ni lake, aibu ni yake, na Bi Mize akatamka mbele ya wote kwamba mji ukizimika tena, Mwanakombo ataondolewa dirishani apelekwe jalalani, kule zinakotupwa jumbe zilizofutwa. Mtu akienda kule hakuna anayemkumbuka.

Mwanakombo hakulia. Alikaa akifikiri, na alipokuwa akifikiri akaona kuku. Mji ule ulikuwa na kuku wengi, na kuku, mnawajua, penye mchi ndipo walipo, kuokota chembe zinazoruka. Walijazana milangoni kwa kila mtu. Kwa Ngwali, mwenye kinu kikubwa kuliko vyote, hapakuwa na hata kifaranga.

Akaenda barazani, sauti yake asali tupu. "Shikamoo, Bi Mize. Kabla sijaondoka, nina ombi. Vijana wa siku hizi hawajui kutwanga. Kwa nini Bwana Ngwali asitolewe hadharani, pale mbele ya dirisha, atwange watu wamwone wajifunze?"

Bi Mize akalipenda neno hilo, akasema huyo binti kumbe ana adabu. Ngwali akaitwa. Alitoa udhuru wa kiuno, akatoa wa jua, lakini heshima ikimfuata mtu mlangoni ataikataaje? Akaja na kinu chake, amekifunika kitambaa cheupe mdomoni, ameacha tundu la mchi tu. Akasema ndivyo walivyotwanga mabwana wakubwa, unga usiruke.

Mji mzima ukakusanyika. Ngwali akaanza. Du, du, du. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kuku nao wakaja mbio, wakamzunguka, wakainamisha shingo, wakatazama chini. Hakuna kitu. Jogoo mmoja akamtazama Ngwali usoni, akageuka akaenda zake, na wengine wakamfuata.

Hapo Bi Mize akanyanyuka, jambo ambalo watoto wengi hawajawahi kuliona, akatembea mpaka pale, akavuta kitambaa. Kinu kilikuwa kitupu, kinang'aa kama sahani iliyolambwa.

"Ngwali, mwanangu," akasema taratibu, "unamtwangia nani?"

Kabla hajajibu, Kidole hicho, kimetua kwenye kioo. Watu wakashika vichwa. Unga wa ombi la asubuhi ulikuwa bado, njiwa wake yuko ng'ambo. Ngwali, kwa hofu na kwa mazoea, akafanya lile alilolijua: kujionyesha ana shughuli. Akaanza kuzunguka kinu chake, mchi mkononi, mbio mbio, duara juu ya duara. Kidole kilikuwa kimekwisha elekea kwenye kitufe. Kikasita. Kikamtazama yule anayezunguka. Kikangoja. Njiwa akatua, unga ukatoka, mji haukuzimika.

"Mwacheni hapo hapo," akasema Mwanakombo, na akarudi kwenye kiti chake. Kinu hakupewa tena.

Na tangu siku hiyo, anayekaa dirishani hatwishwi mzigo wa ua wa nyuma, na kazi hazigawiwi kwa kelele. Na kila njiwa anapochelewa, anatolewa Ngwali. Kwa hiyo picha zikikawia, usiitukane simu. Kitazame tu kile kiduara vizuri: ndiye yeye, kanzu safi, kinu kitupu, kakamatwa na mchi mkononi mbele ya kila mwenye macho.