Sakafu ya Ambakisye

Sakafu husifiwa na kwato. Nimewaambia hivyo leo mlipokuwa mkilisifia daraja mlilojenga kabla hata mtu mmoja hajalivuka, nanyi mkacheka, mkaniuliza tangu lini kwato zikajua kusifu. Kaeni basi niwaeleze. Msemo huu ulizaliwa hapahapa kwetu Rungwe, ndani ya banda la ng'ombe, na aliyeusababisha hakuwa mtu wa kujishusha.

Ambakisye alikuwa fundi wa sakafu. Sebule zote nzuri za kata hii zilipita mikononi mwake, naye hakuficha. Akiingia nyumba ya watu alitazama chini kwanza, ndipo akasalimia. Mkewe, Tumpale, alikuwa katika kikundi cha akina mama waliopeana ng'ombe. Unapewa mtamba, unamtunza, na ndama jike wa kwanza unampa mwenzako. Lakini kikundi kilikagua mabanda, na mnyama akiteseka alihamishiwa kwa mwingine.

Tumpale alipewa mtamba mwenye mimba, akamwita Ndaga, yaani asante. Ambakisye akamwaga zege la banda kwa haraka, na mvua ya kwetu mnaijua. Ilinyesha kabla zege halijashika, ikaosha saruji ya juu, kokoto zikabaki zimetokeza kama meno.

"Ni ng'ombe tu," Ambakisye akasema. "Atazoea."

Hakuzoea. Kila alipojaribu kulala, magoti yalichubuka, mwishowe akawa anasimama usiku na mchana, kwato zikilika. Mama Lusekelo, mwenyekiti wa kikundi, alipokuja kukagua hakupandisha sauti. "Rekebisheni," alisema. "Tukirudi tukamkuta hivi, anaondoka."

Maneno hayo yalimchoma Ambakisye. Sakafu yake yeye, kukataliwa! Akamhamisha Ndaga kwa muda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Akatandaza tabaka jipya juu ya zile kokoto, akalisugua kwa mwiko wa chuma, akalifunika kwa magunia mabichi na kulimwagilia maji hadi likakomaa. Alipofunua, sakafu iling'aa kuliko sebule yoyote aliyowahi kuitengeneza. Siku ya ukaguzi akaalika na majirani.

"Fundi, hapa ng'ombe ataona haya kunya," alisema jirani yake, Mwaisumo, na watu wakacheka.

Ambakisye akatabasamu, akimtazama Mama Lusekelo. Yule mama akasema tu, "Mleteni mwenyewe."

Tumpale akamleta Ndaga. Mnyama akaweka mguu mmoja, ukateleza. Akaweka wa pili, miguu ikaachana, akajivuta nyuma akitetemeka. Ambakisye akaidaka kamba ili amvute ndani.

"Mwache, Baba Gwakisa," Tumpale akamwambia mumewe. "Ana mimba. Akiteguka nyonga hapa, utamwinua kwa hizo sifa?"

Mama Lusekelo akanyoosha mkono, akaichukua kamba. "Basi tunaondoka naye."

"Nipe mpaka jioni, Mama," Ambakisye akasema. "Zege nililimwaga mimi, nitalitengeneza mimi."

Akaleta tindo na nyundo, akaanza kuchimba mifereji myembamba katika ile sakafu yake ya kujionea sura, ya kwenda na ya kukatisha. Tumpale alimfuata nyuma na jiwe, akizisugua kingo zisije zikamkata mnyama.

Mwaisumo akaguna. "Fundi, unaitia makovu kazi yako mwenyewe."

"Kovu ni yeye kuteleza," Ambakisye akajibu bila kuinua kichwa.

Walipomaliza, alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mtu mwenye majivuno yale. Alikunja suruali, akapiga magoti, akatambaa banda zima mbele ya watu. Wakacheka. Mmoja akaiga mlio wa ng'ombe. Yeye akaendelea kutambaa, na mara kwa mara alisimama akamwonyesha mkewe: "Hapa panakata. Sugua tena." Kisha akainuka, magoti yamejaa vumbi, hayana damu.

"Sasa aingie," akasema.

Ndaga akanusa. Akaweka mguu, mguu ukashika. Akaingia hadi katikati, akajizungusha, akakunja magoti, akalala. Baada ya muda akaanza kucheua.

"Haya, Mama Lusekelo, tuambie," Ambakisye akasema, kifua mbele. "Sakafu yangu ikoje?"

"Mimi nimevaa viatu, nitajuaje?" Mama Lusekelo akajibu, akimrudishia Tumpale kamba. "Sakafu husifiwa na kwato, na kwato zimekwisha kusifu."

Ambakisye alitembea na maneno hayo kijiji kizima, na safari hii hakuna aliyemwona mjivuni. Tangu hapo, fundi wa banda hapa kwetu hakabidhi kazi kabla hajaitambaa kwa magoti yake, wala hatuoni haya. Ndiyo fahari yetu. Na mtu akijisifia kazi ambayo mwenye kuitumia hajaigusa, hatumtukani wala hatumbishii. Tunamwambia asubiri, maana sakafu husifiwa na kwato.