Jina Moja kwa Mafundi Watatu

Sogeeni mnaopenda haki. Mwenye haraka aende zake, maana kesi hii haitaki haraka.

Katika kituo cha rada cha Kwemvua walikuwapo mafundi watatu. Nakijwa alijaliwa masikio: mtambo ukikohoa tu, ameshajua unaumwa wapi. Mwanahawa alijaliwa mkono mwepesi, wa kugeuza kitufe kwa kadiri ya unywele. Stumai, mdogo wao, alijaliwa kuthubutu, lakini alasiri ile roho ilikuwa mkononi.

Dada yake Mwanaisha, mjamzito wa miezi saba, alikuwa ndani ya ndege ndogo iliyopotea kwenye mvua. Radi ilikuwa imeunguza vyombo vya rubani, akabakiwa na redio tu. Mbele yake kulikuwa na mlima, na kioo cha rada hakikuonyesha kitu.

"Mawimbi hayapenyi mvua hii," Stumai alisema. Akashika kitufe cha mkondo wa elektroni, ule unaopita ndani ya neli kubwa ya chuma na kuzaa mawimbi. Akakipandisha kupita mstari mwekundu.

"Wee Stumai! Mstari huo hauvukwi!" Mwanahawa alipiga kelele.

"Dada yangu yumo mle!"

Nukta ikatokea kiooni, imeshaukaribia mlima. Lakini elektroni zote zina chaji ya aina moja, na hazipendani: ukizisonga, zinasukumana. Mkondo ukavimba, ukaanza kulamba ukuta wa neli. Vipimo vilikuwa bado vimelala, ila Nakijwa alisikia.

"Maji ya kupozea yanatokota! Neli inaungua! Sumaku, Mwanahawa, sumaku!"

Sumaku ndizo zinazoubana mkondo huo upite katikati. Zikilegea, unatawanyika, zikikazwa mno, unayumba na kugonga ukuta vilevile. Mwanahawa aliogopa hata kupumua. Akakaza, akarudisha kidogo, akakaza tena. Mtokoto ukatulia.

"Rubani, kata kulia! Kulia, sasa hivi!" Stumai alilia redioni.

Nukta ikajikokota kando ya mlima, ikapita. Stumai akaketi sakafuni, akalia kwa kwikwi.

Miezi miwili baadaye Mwanaisha alijifungua mtoto wa kike. Akaapa kumpa jina moja tu, la aliyemwokoa, awe somo wake maisha yote.

"Mpe la Nakijwa," Stumai alisema. "Mimi niliichoma neli. Asingesikia, ingepasuka."

"Kusikia kulizima nini?" Nakijwa akamkata. "Jina ni la Mwanahawa."

"Na mimi ningetuliza neli kwa faida ya nani, kama ndege haionekani?" Mwanahawa akajibu. "Stumai ndiye aliyevuka mstari, na ndiye aliyeiona."

Kesho ni siku ya saba, mtoto hana jina, na Mwanaisha hajalala kwa kuogopa kudhulumu. Haya, wasikilizaji: kama ungekuwa umempakata wewe, ungemwita nani?