Nyumba ya Juu Mlimani

"Asifuye nyumba yako, hulala kwake." Mmemsikia shangazi yenu leo akimwambia hivyo binti yake, anayelia kwamba wenzake wote wamemtangulia maishani, na tangu tuanze kula mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogezeni sahani niwaeleze. Hayakutoka mbali. Yalianzia huku huku kwetu Upareni, na aliyeyasema kwanza hakuwa na nia ya kutunga methali. Alikuwa anatafuta usingizi tu.

Palikuwa na mkulima wa tangawizi jina lake Elirehema, na mkewe Namkunda. Nyumba yao ilikuwa bondeni, imejificha katikati ya migomba, kwa kuwa wazee wetu hawakuwa wajinga: huku kwetu upepo una meno, na mwenye akili hujenga mahali ambapo mlima unamkinga. Chini ya nyumba palikuwa na shamba alilorithi kwa baba yake, likinyweshwa maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji. Elirehema alilipenda shamba lile mno. Alikuwa akichimbua kipande cha tangawizi asichokihitaji, akinuse tu, halafu akifukie tena. Jioni alikula makande kando ya moto, akalala kama gogo. Hakujua kwamba amefanikiwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Aliyoambiwa ni mengine. Kila Desemba wale aliosoma nao walirudi kutoka mjini na magari yao, wakajenga nyumba za vioo juu kabisa mlimani, ambako barabara inapita na kila mtu anaona. "Elirehema, bado umo humo kwenye migomba?" rafiki yake Mnzava, mmoja wao, alimuuliza mbele ya watu kanisani. "Mtu mzima kama wewe!" Lakini aliyemwandama zaidi kwamba ajenge huko juu ni jirani yake, Bwana Kiangi, ambaye mwenyewe aliishi bondeni vilevile.

Maneno yalimwingia. Aliuza mbuzi, akauza ng'ombe, akajenga huko juu, madirisha makubwa yakitazama barabara. Wapitao wakasimama kuisifu nyumba, naye akavimba kichwa kidogo.

Tatizo lilikuwa kulala. Upepo ulivitikisa vile vioo na baridi ikawaingia mpaka kwenye mifupa. Mablanketi hayakufua dafu. Wiki haikuisha, familia nzima ikarudi bondeni kulala. Lakini kwa kuona aibu, waliamshana alfajiri, wakapanda mlima na chupa ya chai, ili wapita njia wa kwanza wawakute wakitoka mlangoni wakijinyoosha. Msicheke, nanyi mna yenu. Namkunda alimhurumia mumewe, maana alimwona amekonda, mzaha umemtoka, na hata shambani hashuki tena.

Kisha Bwana Kiangi akaja na jipya. "Mnzava ameanza kupandisha ghorofa. Na wewe pandisha, usije ukaonekana umeishiwa." Elirehema hakuwa na kitu tena isipokuwa lile shamba. Akakubali kuliuza, shingo upande, na Kiangi akamtafutia mnunuzi.

Siku ya makubaliano walimsubiri mnunuzi sebuleni katika nyumba ya juu. Mvua kubwa ikanyesha, barabara ikafungwa, mnunuzi akatuma salamu kwamba atafika kesho. Kiangi akainuka aende zake.

"Njia inateleza, Bwana Kiangi," Elirehema alimwambia. "Lala hapa. Chumba cha wageni kipo, hakuna aliyewahi kulala humo."

Kiangi akachungulia chumbani. Pazia lilikuwa likipepea ingawa dirisha limefungwa.

"Mimi? Hapana, ndugu yangu. Nina kwangu."

"Si wewe uliyesema hakuna nyumba kama hii mlima mzima?"

"Nilisema, na nasema tena. Nyumba nzuri sana! Lakini kulala…" Akafunga vifungo vya koti. "Kulala nitalala kwangu. Mama watoto ameshawasha moto."

Akashuka akiteleza. Alipofika kwenye kona aligeuka, akapiga kelele, "Ila ghorofa usiache!"

Elirehema alisimama mlangoni, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama Nakiete, umemsikia? Anaisifu mpaka kwenye kona, na bado anakwenda kulala kwake!"

"Wote wanakwenda kulala kwao, Baba Nakiete," Namkunda alimjibu. "Mimi nilidhani unajua."

Elirehema akaketi kizingitini. "Nimechoka, mke wangu," alisema. "Nimechoka sana." Na kwa kulisema tu neno hilo alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mvua ilipokatika waliteremka, giza likiwa bado halijaingia, watoto wamejitwisha magodoro, watu wote wakiwatazama. Kesho yake mnunuzi alimkuta Elirehema shambani, miguu imejaa matope, akaambiwa shamba haliuzwi. Ile nyumba ya juu ikawa mahali pa kuanikia tangawizi, na upepo ule ukaikausha vizuri ajabu.

Desemba ilipofika, Mnzava alirudi. Jioni moja aliteremka bondeni akitetemeka, amejifunika shuka mabegani. Alisimama mlangoni, akautazama moto na sufuria ya makande.

"Elirehema," alisema polepole, "hapa kwako pana nafasi ya kulala?"

"Ipo. Kwani kwako kuna nini?"

"Baridi. Na sijui niwaambie nini watu. Nyumba yangu wanaisifu sana."

"Najua. Hata mimi huwa naisifu," Elirehema alimjibu, akimsogezea kigoda karibu na moto. "Lakini asifuye nyumba yako, hulala kwake."