Mtani Aliyelala Msingini

Mtoaji asiye na mtani hujipa mwenyewe. Mmeisikia leo kikaoni, nyinyi wajukuu mlioingia juzi kwenye mfuko wa familia, na nimewaona mkitazamana. Methali hii ilianza hivi, na mimi sikuhadithiwa. Nilikuwepo, tena upande uliokosea.

Baba yetu, mzee Kajiru Mbwambo, alipofariki alituachia nyumba tatu za kupangisha mjini Same. Wosia wake ulikuwa mfupi: kodi iwasaidie watu wa huku milimani, jambo moja kila mwaka. Dada yangu Nakijwa, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyeuongoza mfuko. Mwaka wa tatu tuliamua kuijengea zahanati ukumbi wa wagonjwa kungojea, kando ya barabara, na jina la baba ukutani kwa herufi kubwa. Wazo lilikuwa langu na nililipenda mno, sioni haya kusema.

Wala hatukukurupuka. Nakijwa aliitisha mkutano akawauliza wanakijiji, "Ukumbi mnautaka?" Wote wakajibu, "Tunashukuru sana, Mwalimu." Tukarudi nyumbani vifua mbele.

Siku ya kuweka jiwe la msingi watu walijaa. Mtaro wa msingi ulikuwa tayari, nami nimeshika mwiko wa saruji. Kabla sijainama, akanipita Ndekusara, mkunga wa zahanati, Mchaga wa Machame. Akavua viatu, akashuka mtaroni, akajilaza chali na sare yake nyeupe.

Wachaga ni watani wetu sisi Wapare, na mnajua watani wanavyofanya msibani: hushuka kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe chochote. Watu wakaangua kicheko.

"Toka, Mchaga wewe!" nikamwambia. "Humo hakuna sarafu."

"Zimo tele, Mpare. Si mnazika hela za baba yenu? Nimekuja msibani."

"Huu ni msaada!"

"Tangu lini Mpare akatoa bila kudai chenji? Chenji yako ni hilo jina ukutani."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nakijwa hakucheka. Alisogea ukingoni akauliza, "Tukupe nini utoke, mtani?"

"Daraja la Mto Kivumo," akasema Ndekusara, na sasa hakuwa na mzaha. "Anayengojea hapa amekwishafika. Namsifu, mkwe wa mzee Senkondo yule pale, alishikwa na uchungu mto ukiwa umefurika. Hakuweza kuvuka. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza kule ng'ambo, mimi nikiwa huku namwona. Sasa ana mimba ya miezi saba, na masika hayo yanakuja. Nitamvusha kwa benchi la ukumbi?"

Nakijwa akamgeukia mzee Senkondo.

"Mzee, mbona niliuliza na hamkusema?"

"Uliuliza kama tunautaka ukumbi, Mwalimu. Anayepewa atamwambiaje mpaji kwamba hiki sicho? Mngenuna, na mwaka ujao mngetupita. Huyu ni mtani. Utani haununiwi."

Aibu ilinichoma, wajukuu zangu. Niliuweka chini ule mwiko, nikampa Ndekusara mkono nikamtoa mtaroni. Siku hiyohiyo mifuko ya saruji ilibebwa vichwani kuteremshwa mtoni. Kazi ilichukua wiki sita, na mafundi hawakupumzika hata Jumapili. Nilipouliza jina la baba litaandikwa wapi, Nakijwa alinikabidhi koleo, nami nikafyata mkia.

Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya nne Namsifu alishikwa na uchungu. Maji yalikuwa yakigonga mbao za daraja kwa chini, lakini alivuka kwa miguu yake, mumewe kamshika mkono. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele nyingi.

Mzee Senkondo alikuja zahanati kushukuru. Alipiga magoti mbele ya Nakijwa, mtu mzima yule! Dada yangu alimwinua akilia.

"Usinishukuru mimi, mzee. Mimi nilikuwa najijengea pa kusifiwa." Akampokea mtoto, akamweka mikononi mwa Ndekusara. "Mshukuruni huyu aliyenicheka. Mtoaji asiye na mtani hujipa mwenyewe."