Beberu Aliyerudi kutoka kwa Azazeli

Leo nina neno moja ambalo wengi wenu huliruka mkisoma Walawi sura ya kumi na sita: Azazeli. Ni nani huyo? Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni pepo wa nyikani, wapo wanaosema ni jina la mwamba. Tunachojua ni kwamba kuhani aliweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi, akaungama dhambi za watu, kisha mtu aliye tayari akampeleka mbuzi yule jangwani. Basi liwekeni neno hilo mfukoni, mnisikilize.

Kulikuwa na kijiji kimoja kilichogomewa na mvua. Visima vikatoa tope, watoto wakashikwa na homa isiyojulikana. Mwalimu wa kanisa, mtu aliyependa sana majina magumu, akawakusanya watu akawaeleza habari za Azazeli. Wakafurahi. Nani asingefurahi? Dhambi zako ziondoke kwa miguu minne, na wewe umekaa kwenye kiti.

Mwindaji mmoja akaleta beberu mweusi asiye na kilema. Hakuna aliyeuliza ametoka wapi. Wakamfunga kitambaa chekundu kwenye pembe, wakapita mmoja mmoja kumnong'oneza sikioni. Walisema mambo ambayo hata wake zao hawakuyajua. Beberu alisimama kimya, hakutikisa hata sikio. Kisha yule mwindaji akajitolea kuwa mtu aliye tayari, akamswaga hadi ng'ambo ya korongo, akamwacha porini.

Asubuhi iliyofuata beberu alikuwa kijijini.

Hakulia wala hakula. Alipita polepole kati ya nyumba, kitambaa chekundu kikining'inia, na kila aliyemwona alifunga mlango, maana kila mmoja alikumbuka alichomwambia. Fikirini, ndugu zangu. Siri yako inapita uani kwako, ina macho, inakutazama. Wewe ungefungua?

Akaipita milango yote, akaenda kusimama kwa mjane mmoja mhamiaji, aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji na ambaye hakuna aliyewahi kumtembelea. Wakampeleka porini tena, mbali zaidi. Akarudi kwenye mlango uleule.

Hapo hofu ikageuka hasira. Wakasema pepo amerudi kwa mwenyewe. Wakaenda kwa yule mama na fimbo na viberiti, wamwunguzie nyumba, mwalimu akiwa mbele na mwindaji nyuma kabisa.

"Mama, toka nje," mwalimu akasema. "Una agano gani na Azazeli?"

Mama akatoka akijifuta mikono kwenye kanga.

"Huyo Azazeli simjui, mwalimu. Huyu beberu ndiye ninayemjua. Mama yake alikufa akimzaa, nikamnywesha maziwa kwa kikombe, humu ndani. Juzi nilikwenda kisimani, niliporudi nikakuta kamba imekatwa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, mwalimu? Tangu nihamie hapa, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kusema nami mlangoni kwangu. Na mmekuja na viberiti."

Watu wakageuka kumtazama mwindaji. Mwindaji akatazama chini. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, na angewaacha wachome.

Beberu akampita yule mama, akaingia ndani, akalala kwenye kona yake, na kitambaa chekundu bado kiko kwenye pembe.

Walimnong'oneza kila kitu, ndugu zangu, isipokuwa habari ya ile kamba. Na msimcheke mwindaji peke yake. Wale wengine hawakuiba, lakini beberu wa jirani walimwona pepo kwa sababu jirani mwenyewe hawakumjua. Na sisi je? Tunamjua Azazeli, tunamjua Abadoni, yule malaika wa kuzimu katika Ufunuo, tunaweza kubishana juu yao mpaka chai ipoe. Nyumba ya pili kutoka kwako anaishi nani? Unasema unasumbuliwa na mapepo, jambo lilelile linarudi na kurudi mlangoni. Umeshauliza lilitoka nyumba gani?

Leo vikapu vya sadaka havitapita kwanza. Nimeomba wazee waache milango wazi. Anayejua kamba aliyoikata, aondoke sasa hivi akapige hodi huko alikoikata. Sisi tutamngoja, na mimi mwenyewe sitamtazama anapotoka.